Nandumba wa Maboga

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maana ya methali hii ni kwamba hata mtu usiyempenda, hata aliyekukosea, hata uliyemshinda, bado ana kitu chake ambacho si halali kumnyima. Wengi huitamka upesi wanapogombana sokoni, kisha wakaendelea kugombana. Watu wa kijiji kimoja milimani, juu ya Litembo, waliionja methali hii mpaka wakaujua utamu wake, na aliyewaonjesha ni mwanamke aliyekufa kabla mche wa kwanza wa kahawa haujapandwa huko.

Kijiji hicho kimekaa mgongoni mwa mlima kama kifaranga juu ya mama yake. Asubuhi ukungu hufunika mabonde yote, na ukiondoka huacha mashamba ya ngolo yakionekana wazi, vishimo safu kwa safu, kama sega la nyuki lililoegeshwa ubavuni mwa mlima. Juu ya mashamba hayo kuna jiwe kubwa. Zamani, Wangoni walipokuwa wakizunguka nchi na mikuki na ngao za ngozi, Wamatengo wa hapo walikimbilia juu ya jiwe hilo na kuporomosha mawe. Kikosi kilichowazingira, kwa hadithi za kijiji, kiliongozwa na mwanamke wa Kingoni aliyeitwa Nandumba.

Waliotoka vitani wakiwa hai walimwimba Nandumba kama zimwi. Walisema ana meno kama jembe, na mtoto aliyekataa kulala aliambiwa kwamba Nandumba amesimama nyuma ya nyumba. Wajukuu wao wakamfanya mchawi wa kuruka na ungo. Miaka ikapita, vita vikawa hadithi, Wangoni na Wamatengo wakawa watani wa kutaniana misibani na harusini, na Nandumba akashuka cheo tena. Safari hii akawa kichekesho.

Aliyemfanya kichekesho kamili ni Mama Ottilia, mjane mwenye sauti kama kengele ya kanisa, kiongozi wa kikundi cha ngoma na maigizo cha kijiji. Kila mwaka, sikukuu ya somo wa parokia ilipofika, kikundi chake kiliigiza vita vya jiwe. Nandumba aliigizwa na shemeji yake, Mzee Tarsisi, mdogo wa marehemu mumewe. Tarsisi alijipaka masizi usoni, akavaa gauni la gunia, akaweka maboga mawili kifuani. Alitembea kama bata aliyeshiba. Jiwe la kwanza lilipoporomoka alipiga yowe, maboga yakadondoka, akayakimbiza mteremkoni huku akiyaita kwa majina. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata padri alionekana akijifuta macho.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Edina, mke wa Joakim, mwana wa Mama Ottilia. Edina alikuwa Mngoni, aliyeolewa kutoka upande wa Peramiho. Alikuwa mpole na mwenye haya, mikono yake ikiwa hodari kuliko ulimi wake.

"Shikamoo, baba mdogo," alimwamkia Tarsisi asubuhi moja baada ya sikukuu.

"Marahaba, Mngoni. Bibi yako hajambo? Nimemwona huko bondeni, anatafuta maboga yake."

Edina aliinamisha kichwa.

"Mngoni asiyejibu utani, huyo ana homa," Tarsisi alisema. "Joakim, mpeleke mkeo hospitali."

Wote waliokuwepo walicheka, wakaona mambo ni mazuri. Hapo ndipo lilipokuwa kosa lao. Utani ni kama mpira, hauchezwi na mtu mmoja. Mtani akikutupia neno, nawe una haki ya kumrudishia, tena kali zaidi. Lakini Edina alikuwa mtani na mkwe kwa wakati mmoja. Kama mtani alipaswa kujibu, na kama mkwe hakuweza kufungua kinywa mbele ya mama wa mumewe na baba yake mdogo. Basi alikaa kimya mwaka baada ya mwaka, nao wakauhesabu ukimya wake kuwa furaha.

Mwaka huo yakatangazwa mashindano ya vikundi vya ngoma na vya maigizo. Kwanza vingeshindana Mbinga mjini, kisha vitakavyochaguliwa vishuke Mbamba Bay, kando ya ziwa, na mshindi wa kila upande aende Songea kwenye tamasha la mkoa. Hakuna kikundi cha kijiji chao kilichowahi kufika Songea. Magoti ya Mama Ottilia yalikuwa yameanza kumgomea kwenye miteremko, naye alijua kwamba kama si mwaka huo, basi si yeye.

"Nikifika Songea na ngoma yangu," aliwaambia wenzake, "hata mkinizika kesho yake nitakwenda nikicheka."

Huko Mbinga Tarsisi alitoa vituko vyake vyote. Uwanja mzima ulikuwa hoi kwa kicheko. Lakini matokeo yaliposomwa, kikundi chao kilikuwa cha mwisho kati ya vile vilivyochaguliwa kwenda Mbamba Bay. Mama Ottilia alimfuata mmoja wa waamuzi, Bi Rukia, mwenye duka la vitenge ambaye wazazi wake walitoka Kilwa. Bi Rukia alikuwa maarufu mjini kwa utunzi wa mashairi na kwa kutokubali kupunguza bei.

"Bi Rukia, hukucheka?"

"Nimecheka, Mama Ottilia, mpaka mtandio umeanguka. Ila nina swali. Huyu mwanamke mpumbavu, mwoga, anayekimbiza maboga, ndiye aliyewazingira wazee wenu?"

"Ndiye."

"Basi wazee wenu walimshinda nani? Mtu hapewi heshima kwa kumwangusha kuku."

Mama Ottilia aligeuka kuondoka.

"Mkija hivi Mbamba Bay mtarudi hivi," Bi Rukia alimalizia kwa upole. "Na vitenge vya sare, ukitaka, njoo dukani."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Ottilia alinung'unika. Alisema mwuza vitenge hajui lolote juu ya mawe ya watu. Lakini maneno ya Bi Rukia yalikuwa yamemwingia kama mwiba wa samaki kooni, akimeza yanachoma, akikohoa hayatoki. Jumamosi ilipofika walikwenda shambani kuchimba ngolo. Wanaume walikuwa wamekwisha kufyeka majani na kuyalaza katika mistari inayokatana, na wanawake walikuwa kazini, kila mmoja akichimba udongo katikati ya mraba wake na kuyafukia majani kwa udongo huo, ili kibaki kishimo chenye kuta za kupandia maharage. Mama Ottilia alichimba kidogo, akasimama, akaegemea jembe.

"Hivi jamani, Nandumba alikuwa nani hasa?"

Mmoja alisema meno. Mwingine alisema ungo. Wa tatu alisema maboga, kisha akacheka peke yake. Mama Ottilia akageuka kumtazama mkwewe aliyekuwa akichimba kishimo cha jirani.

"Edina, kwenu wanasemaje?"

"Sijui, mama."

Mama Ottilia aliifahamu "sijui" hiyo. Yeye mwenyewe aliwahi kumjibu hivyo mama mkwe wake, siku nyingi, kwa mambo mengi aliyoyajua vizuri. Aliweka jembe chini. Akashuka taratibu mpaka ndani ya kishimo cha Edina, akakaa kwenye udongo mbichi, chini kuliko mkwewe.

"Sikiliza," alisema. "Hapa shambani leo mimi si mama mkwe wako. Mimi ni Mmatengo, nawe ni Mngoni. Nakuuliza kama mtani."

Edina alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

"Mtani haulizwi bure," alisema mwishowe, polepole.

"Unataka nini?"

"Jogoo."

"Jogoo yupi?"

"Yule mwekundu."

Wanawake waliacha kuchimba. Jogoo mwekundu alikuwa kipenzi cha Mama Ottilia. Alilishwa mkononi, na Joakim aliwahi kusema kwamba yeye mwenyewe hakulelewa hivyo.

"Mchukue," alisema Mama Ottilia huku akikunja uso.

Hapo Edina aliufungua mdomo ambao kijiji hakikuwa kimeuona ukifunguka. "Basi nisikie, Mmatengo wewe, unayelikumbatia jiwe kama mume. Mnajisifu eti mliporomosha mawe. Jiwe la mlimani hata mbuzi akijikuna analiporomosha. Mlikaa juu huko mkiogopa mpaka miguu ikapinda, ndiyo maana hadi leo mkishuka Songea mnatembea kama mnapanda. Na baba mdogo Tarsisi hahitaji masizi. Anawe uso tu, watu watakimbia."

Shamba zima lilivunjika kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliketi juu ya majembe ya wenzake bila kujua. Mama Ottilia naye alicheka mpaka akashika kuta za kishimo, na alipotulia akamwona mkwewe kana kwamba ameletwa leo.

"Haya, umeshiba," alisema. "Sasa niambie."

Edina alisimulia kama alivyosimuliwa na bibi yake. Nandumba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na kijana huyo ndiye aliyetangulia kulipanda jiwe. Wamatengo wakamporomoshea jiwe likamvunja mguu. Akabaki kwenye ufa katikati, si juu kwa maadui zake wala si chini kwa ndugu zake, jua likimchoma. Wapiganaji walitaka kuondoka wamwache. Nandumba akaweka ngao chini, akalaza mkuki juu yake, akapanda peke yake mikono mitupu, na huko juu mawe yalikuwa yamekwisha kushikwa.

"Mkamwacha apande," Edina alisema. "Tena bibi anasema wanawake wa Kimatengo walifunga kibuyu cha maji kwa kamba, wakakiteremsha mpaka kwa yule kijana. Nao wenyewe walikuwa na kiu, maana kisima kilikuwa chini kwetu. Nandumba akambeba mwanawe mgongoni kama mtoto mchanga, akashuka. Akawaambia watu wake, juu ya jiwe lile wapo watu, hatupandi tena."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Na hiyo mnaisimulia lini?" Mama Ottilia aliuliza.

"Mtoto akimnyima mwenzake maji. Anaambiwa, hata Wamatengo walimpa adui."

Mama Ottilia alifikicha udongo vidoleni. Alitarajia kusikia jinsi Wangoni wanavyowatukana wazee wake. Hakutarajia kukuta wazee wake wametunzwa huko kama mbegu ghalani.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "sisi tunamvisha bibi yenu maboga, na nyinyi mnatufanya mfano kwa watoto wenu."

Akanyoosha mkono, Edina akamvuta kutoka kishimoni.

Jioni ileile Mama Ottilia aliwaita wanakikundi, akawatangazia kwamba mchezo utabadilika, na kwamba Edina ndiye atakayekuwa Nandumba. Edina alishtuka kuliko wote. Lakini kabla hajasema neno, Tarsisi alikuwa amesimama.

"Shemeji, watu wanakuja kucheka. Nandumba bila maboga ni mwanamke tu."

"Ndivyo alivyokuwa, mwanamke tu."

"Na mimi?"

"Tutakutafutia."

"Mimi nitafutiwe? Mimi niliyemliza padri?" Tarsisi alizikusanya ngoma zake, maana ngoma zote zilikuwa mali yake, akazibeba moja baada ya nyingine mpaka nyumbani kwake, kila safari akipita katikati yao ili waone.

Walifanya mazoezi kwa kupiga ndoo. Sauti ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Baadhi yao walianza kunong'ona kwamba Mama Ottilia amewauza kwa mkwewe, na kwamba bila ngoma hata Mbamba Bay wasiende. Edina alikwenda kwa mama mkwe wake.

"Mama, mrudishie baba mdogo nafasi yake. Mimi sitaweza. Watu wakinitazama sauti inashuka tumboni."

"Nandumba hakupiga kelele alipolipanda jiwe," Mama Ottilia alimjibu. "Nenda kalale."

Yeye hakulala mapema. Asubuhi alimkuta Tarsisi akianika kahawa, akasaidia kuitandaza kwanza, kama adabu inavyotaka.

"Shemeji, kuna mlinzi wa jiwe," alianza. "Mmatengo mwenzetu. Mwoga ajabu. Anajificha nyuma ya wanawake, anawafundisha kupigana. Akiporomosha jiwe linamwangukia mwenyewe kidoleni."

Tarsisi aliendelea kutandaza kahawa. "Ana maneno mengi?"

"Kuliko wote."

"Anaanguka?"

"Mara atakazo mwenyewe."

Tarsisi alifikiri. "Kwa hiyo tutachekwa sisi wenyewe."

"Wangoni tumewacheka vya kutosha. Sasa zamu yetu."

"Na maboga?"

"Tumeyala."

Siku ya siku walishuka Mbamba Bay kwa Fuso, wakiikata milima kwa barabara ya lami yenye kona kama utumbo, ngoma zikiwa zimefungwa katikati na Tarsisi amezikalia. Huko chini joto liliwapokea kama pumzi ya chungu. Ziwa lilimetameta mpaka upeo wa macho, harufu ya mbasa, samaki wa ziwa hilo, wakichomwa ilitanda ufukweni, na akina mama wa ngoma ya kioda walikuwa wakipita na magauni meupe yaliyopigwa pasi hata nzi asingethubutu kutua. Umati ulikuwa mkubwa. Miongoni mwao walikuwepo Wangoni waliokuja kwa basi kutoka upande wa Songea, na mara tu walipowaona watu wa milimani wakaanza.

"Wamatengo wameshuka leo. Nani amebaki kulinda jiwe?"

"Tumekuja nalo," Tarsisi alijibu kutoka juu ya Fuso. "Njooni, mtupokee mzigo."

Jiwe lao la jukwaani lilijengwa kwa masanduku na magunia. Tarsisi alianza, na ndani ya muda mfupi alikuwa ameangukiwa na jiwe kidoleni, amejificha chini ya kanga ya Mama Ottilia, na amewaamuru wanawake wapigane huku akiomba uji. Wamatengo waliokuwepo walicheka wakijiona, na Wangoni walicheka wakiwaona. Kisha ngoma ikabadilika, na Edina akaingia na ngao na mkuki.

Aliingia vizuri. Lakini alipofika mbele ya jiwe na kuyaona macho ya watu wote, alisimama. Maneno yake yalikuwa ya kumwita mwanawe, nayo hayakuja. Kijana mmoja mbele akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Mngoni kaishiwa." Juu ya masanduku Mama Ottilia aliiona safari ya Songea ikizama ziwani mbele ya macho yake. Tarsisi alikuwa karibu. Ilikuwa rahisi kwake kuruka, kuanguka, kuchukua mchezo wote mikononi mwake na kuwachekesha watu mpaka mwisho, na kwa hakika mguu wake mmoja ulikuwa umekwisha kunyanyuka.

Aliushusha. Akaenda kwenye ngoma kubwa, akaigonga taratibu kwa kiganja, kama moyo wa mtu anayepanda mlima.

Edina aliisikia. Akaweka ngao chini. Akalaza mkuki juu yake. Akainua mikono mitupu, akaanza kupanda bila kusema neno, na ukimya wake ukajaa uwanjani kuliko sauti. Mama Ottilia aliteremsha kibuyu kwa kamba. Waliokuwa wakipiga miluzi wakasogea mbele. Edina alimfikia kijana aliyeigiza mwanawe, amelala kwenye ufa, akamnywesha, akamfunga mgongoni kwa kanga, akashuka naye akipepesuka. Alipofika chini sauti ilikuja yenyewe, si kubwa, lakini waliokuwa kwenye mitumbwi waliisikia.

"Juu ya jiwe lile wapo watu. Hatupandi tena."

Mzee mmoja wa Kingoni katikati ya umati alivua kofia. Mwanamke aliyekaa karibu naye akapiga kigelegele, na kigelegele hicho kikaambukiza Wangoni, Wamatengo na Wanyasa wa kando ya ziwa, mpaka haikujulikana nani alikuwa akimshangilia nani.

Upande wa ngoma ushindi ulikwenda kwa akina mama wa kioda. Bi Rukia, aliyekuwa mwamuzi huko pia, aliposimama kusoma matokeo ya maigizo, alitengeneza mtandio wake kwanza, akawataja watu wa milimani, akaongeza kwamba waamuzi hawakubishana. Mama Ottilia aliketi palepale mchangani. Edina alipomwinamia kumwinua, alimshika mkono wala hakuinuka.

"Niache kidogo," alisema. "Nataka nilie nikiwa nimekaa."

Yule mzee wa Kingoni aliwafuata, kofia ikiwa bado mkononi.

"Watani, tutawasubiri Songea. Ila mjue bibi yule ni wetu. Mmemtumia bila kuomba."

"Nanyi mna kibuyu chetu siku nyingi," Mama Ottilia alijibu akijifuta macho. "Hatujawadai."

Mzee alicheka, akamwangalia Edina. "Na huyu binti?"

"Huyo ni mkwe wangu. Huyo harudishwi."

Siku hizi ukipita kijijini kwao saa watoto wanapotoka shule, utawakuta chini ya lile jiwe wakicheza vita. Hugombana kabla hawajaanza, kwa kuwa kila msichana anataka kuwa Nandumba, na mvulana anayepangiwa kuwa mlinzi mwoga hukubali tu akiahidiwa kuanguka mara nyingi. Mama Ottilia, ambaye sasa hupita hapo kwa mkongojo, huwasimamisha akawasuluhisha. Huwaambia kwamba wazee wao walishinda vita siku moja tu, lakini ilichukua miaka mingi watu wa jiwe kumpa Nandumba kilicho chake, nao walipompa ndipo na wao walipojua wazee wao walikuwa watu gani. Kwa hiyo waliosema walisema kweli: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.